Nesi aliyesomea nje anarudi wodini na nini?

Kazi yangu hapa Moshi ni tiba shufaa: kumhudumia mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, asiteseke na maumivu, na ndugu zake wasiachwe peke yao. Sehemu ya mafunzo nilisomea Kampala, pale Makindye, kwenye Hospice Africa Uganda aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mwaka 1993. Wenzangu huniuliza niliona mashine gani huko. Nilichoona zaidi ni chupa za plastiki za mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, ile hafifu ikiwa na rangi ya kijani, na manesi wanaomwandikia mgonjwa dawa hiyo wenyewe. Uganda iliruhusu jambo hilo mwaka 2004, kwa wauguzi na matabibu waliosomea fani hii. Katika wodi nilizofanyia kazi huku nyumbani mofini huandikwa na daktari, kwa hiyo nguvu ya nesi iko kwingine: kujua nani anaumwa, kiasi gani, na kusema mapema.

Si rahisi kama inavyosikika. Mzee wa Rombo ukimwamkia na kumwuliza hali, atajibu, "Tunamshukuru Mungu, mwanangu." Hadanganyi, ni adabu yake. Basi faili linaandikwa "anaendelea vizuri" na zamu ya usiku inamkuta amejikunja, jasho linamtoka. Kampala tulifundishwa kutumia mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mzee anayeona aibu kulalamika haoni aibu kunyoosha vidole vinne.

Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne kwa sababu nguvu yake huisha upesi. Hatungoji maumivu yarudi ndipo tutoe. Dozi ya kulalia huongezwa mara mbili ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane, na dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyo hiyo, maana mofini hufunga tumbo. (Wasio na dawa hiyo, Waganda huwapa mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa.) Ndugu huogopa. "Sista, mnampa baba unga?" Hapo ndipo nesi anapokaa chini na kueleza kwamba tunaanza na kiasi kidogo, tunapandisha kufuata maumivu, na kwamba mgonjwa anayepewa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu ni nadra kugeuka teja. Maelezo hayo huchukua muda kuliko dawa yenyewe, na siyahesabu kuwa kazi ya ziada.

Kuna somo la nje ambalo sikulileta kama lilivyo. Manesi waliosomea Ulaya hufundishwa kwamba taarifa za ugonjwa ni za mgonjwa kwanza, faraghani. Huku kaka mkubwa na shangazi wanakuzuia mlangoni: "Usimwambie mama." Nimemwona nesi mgeni, mwenye mikono mizuri sana ya kugeuza na kuogesha mgonjwa, akikasirikia familia nzima kwa hilo. Mimi humwuliza mgonjwa mwenyewe: "Mama, majibu yako ungependa nimwambie nani?" Wengi hutaja mtoto wa kwanza. Wachache husema, "Niambie mimi, hao waache," na shangazi husikia kwa masikio yake.

Mgeni anayekuja kufanya kazi kwetu lazima asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, hilo liko wazi. Ningeongeza Kiswahili cha kuamkia wazee kabla ya kile cha dawa.

Kinachoniudhi ni mpangilio. Nesi anarudi na cheti cha tiba shufaa, mwezi unaofuata anapelekwa dirishani kupokea kadi za wagonjwa wa nje. Mwacheni wodini. Na kwenye chati, chini ya joto, mapigo na presha, ongezeni mstari mmoja wa maumivu, sifuri hadi tano, usomwe kila zamu inapokabidhiwa.