Uyoga mweupe wa dukani haukuchezewa jeni

Wengi huamini kwamba ule uyoga mweupe wa mviringo wa supamaketi, unaofanana mmoja na mwingine, umechezewa jeni maabara. Si kweli. Ulipatikana kwa kuzalisha chotara kama ifanyikavyo kwa mahindi, ila kazi yake ni ngumu zaidi.

Ugumu uko kwenye spora, yaani chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo. Kwa kawaida kila spora ya uyoga huu hubeba viini (sehemu za seli zenye jeni) viwili vinavyopatana, hivyo huota na kuzaa bila kuhitaji mwenzi. Mtafiti hulazimika kusaka zile chache zenye kiini kimoja, ambazo zikiachwa pekee hazizai, kisha azikutanishe na za aina nyingine. Kwa subira hiyo mtafiti Gerda Fritsche, huko Horst, Uholanzi, alitoa chotara U1 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Linalostahili hofu ni jingine: aina nyingi nyeupe zinazolimwa leo duniani ni U1 yenyewe au ndugu zake wa karibu mno. Ugonjwa unaoishinda moja unaweza kuziangusha zote. Ndiyo maana ninathamini sana uyoga mwitu wa spishi hii hii wa jangwa la Sonora, California: nyingi ya spora zake zina kiini kimoja kimoja, na kuuchanganya na aina nyingine ni rahisi zaidi.