Dashibodi haijui umeme umekatika

Kikao cha idara juzi, mambo yakawa yaleyale. Mwenzangu kanigeuzia laptopu, dashibodi ya Moodle iko wazi, kidole juu ya jina la mwanafunzi lililopakwa nyekundu: "Huyu dakika kumi na moja wiki nzima. Mvivu huyu, ndugu yangu." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, wacha niliandike.

Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, haihesabu dakika za kusoma. Inaandika mibofyo: umefungua ukurasa, umepakua faili, umewasilisha kazi. Huo "muda" ni makisio tu ya pengo kati ya mbofyo mmoja na mwingine. Anayepakua notisi, akazima data na kukesha nazo chumbani kwake Kikoni, Kampala, huhesabiwa dakika moja. Na kwa bando la intaneti lenye ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, huyo namwona mjanja. Halafu kuna wale watatu wa laptopu moja, wanaoingia kwa akaunti ya mwenye mashine: mmoja kijani, wawili hawapo duniani. Umeme nao ukikatika saa mbili usiku, Kampala nzima ni wavivu.

Mimi huangalia majibu yaliyokosewa, yalivyo. Chukua zoezi hili: andika fanksheni ya Python, lugha ya kuandikia programu, inayojumlisha 1 hadi 10 kwa kitanzi (loop, hatua zinazorudiwa). Jibu ni 55. Aliyekosa, awe amekosa vipi, dashibodi inampaka rangi ileile. Sasa fungua majibu yenyewe. Aliyepata 45 ameandika range(1, 10), hajui kwamba range, amri ya kutoa namba mfululizo, inaishia kabla ya namba ya pili. Wa 10 ameweka jumla = 0 ndani ya kitanzi, basi kila mzunguko unafuta uliotangulia. Wa 1 ameingiza return, amri ya kutoa jibu na kumaliza, ndani ya kitanzi, akatoka mzunguko wa kwanza tu. Unawaambiaje wote watatu "ongezeni bidii"? Wa 10 anaweza kuongeza bidii hadi Krismasi na bado akapata 10.

Na 45 zikirundikana, tatizo ni somo. Notisi nyingi huanza na range(5), inatoa mistari mitano, kila mtu anafurahi. Mwanafunzi anaondoka akiamini namba iliyo kwenye mabano ndiyo idadi ya mizunguko, na imani hiyo haimsumbui kabisa mpaka akutane na namba mbili. Kwa hiyo siku hizi naandika range(2, 6) ubaoni, kila mtu aandike kwenye karatasi kitakachotoka, ndipo tuguse kibodi. Wengi humalizia na 6, kumbe inaishia 5. Hapo ndipo somo linapoanza.

Inasaidia? 45 zimepungua. Lakini sina darasa la kulinganisha nalo, na huenda kundi hili limetoka tu kwenye shule zenye maabara ya kompyuta. Purdue, chuo kikuu cha Marekani, walisifiwa sana kwa Course Signals, mfumo wao wa kumwonyesha mwanafunzi hali yake kwa taa za rangi tatu: waliosoma kozi nyingi zenye taa walibaki chuoni zaidi. Mwaka 2013 wakosoaji wakauliza, walibaki kwa sababu ya taa, au walikutana na taa nyingi kwa sababu walibaki?

Swali hilo hata mimi linanikaba. Ndiyo maana pendekezo la kuingiza rangi hizo kwenye alama za kozi nimelikataa kwa maandishi, na likirudi muhula ujao nitalikataa tena.