Je, wajua kwa nini lipu ya saruji huupandisha unyevu ukutani badala ya kuuzuia?

Ukipita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au vya Lamu, tazama kuta kuanzia usawa wa goti hadi kiunoni. Rangi imebabuka, lipu imefura, na ukiigusa hudondoka pamoja na unga mweupe ambao wengi huuita magadi au chumvi. Juu kidogo kuna mstari, na juu ya mstari huo ukuta ni mkavu kabisa. Dawa ambayo mwenye nyumba huambiwa karibu kila mara ni moja: bandua lipu ya zamani ya chokaa, piga lipu nzito ya saruji, kisha paka rangi ya mafuta. Ukuta hupendeza kwa muda. Halafu mstari hurudi, na safari hii uko kifuani.

Kosa halimo mikononi mwa fundi. Limo kwenye picha tuliyo nayo kichwani kuhusu unyevu. Tunauona kama adui anayeingia kwa mbele, kupitia uso wa ukuta, kwa hiyo tunaona busara kuuvisha ukuta ngao. Kwa mvua inayopiga ukuta kwa upepo, picha hiyo ina ukweli. Kwa unyevu wa chini ya kiuno ni picha ya kinyume: maji yalishaingia zamani kupitia msingi, na uso wa ukuta ndio mlango wake wa kutokea. Anayeupiga lipu ya saruji anafunga mlango huku mgeni yumo ndani.

Lakini maji yanapandaje? Methali husema maji hufuata mkondo, na mtoni ni kweli. Ndani ya tundu jembamba sheria hubadilika. Molekuli za maji hupenda kushikamana na jiwe, chokaa, udongo au kioo kuliko zinavyoshikamana zenyewe kwa zenyewe, basi ukingo wa maji hutambaa kwenye ukuta wa tundu. Mvutano wa uso wa maji nao huyavuta yaliyo nyuma yafuate. Safari husimama uzito wa maji yaliyopanda unapolingana na nguvu ya mvuto huo. Hiki ndicho wanasayansi wanachokiita kapilari. James Jurin, daktari wa Uingereza, alionyesha mwaka 1718 kwamba kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi, kwa uwiano kamili. Jambo hili dogo limewavutia wakubwa: makala ya kwanza ya kisayansi aliyoichapisha Albert Einstein, mwaka 1901, ilihusu kapilari.

Sasa piga hesabu. Katika mrija safi wa kioo wenye kipenyo cha milimita 1, maji hupanda kama sentimita 3. Upunguze uwe sehemu ya kumi ya milimita, yatapanda sentimita 30. Sehemu ya mia, mita 3. Sehemu ya elfu, mita 30. Mawe ya matumbawe, chokaa na tofali za kuchoma vina vitundu vingi vya kiasi hicho na vidogo zaidi. Kwa hesabu ya Jurin peke yake, basi, unyevu ungepaswa kufika ghorofani na kutokea kwenye paa. Haufiki. Mara nyingi huishia karibu na mita 1. Hapo ndipo penye utamu wa somo hili, kwa sababu kinachoamua urefu wa mstari ule si nguvu ya kapilari kama wengi wanavyodhani, hata baadhi ya waliosoma fizikia.

Fikiria utambi wa kandili. Chini umezama kwenye mafuta ya taa, juu kuna moto. Utambi hunyonya mafuta kwa kasi fulani, na moto huyala kwa kasi fulani. Ukuta nao ni utambi: mguu wake umezama kwenye udongo wenye maji, na mahali pa moto pana hewa, upepo na jua. Tofauti ni kwamba moto wa kandili uko nchani tu, ilhali ukuta huliwa maji yake kuanzia chini, pande zote mbili, kila sentimita inayopanda. Kadiri maji yanavyopanda, eneo linalokauka huongezeka, na njia ya kuleta maji mengine hurefuka na kuwa nzito. Fomula iliyotolewa na Richard Lucas mwaka 1918 na Edward Washburn mwaka 1921 huonyesha jinsi kasi inavyopungua: kama maji yamenyonywa sentimita 1 kwa dakika 1, yatahitaji dakika 4 kufikia sentimita 2, na dakika 100 kufikia sentimita 10. Mstari tunaouona ukutani ni mahali ambapo maji yanayoletwa kutoka chini yanalingana na yanayoliwa na hewa. Ni mizani, na mizani hiyo ina mikono miwili.

Sasa vika ukuta huo lipu nene ya saruji. Chini maji yanaletwa vile vile, ila hewa imezuiwa isiyale. Mizani lazima isawazike upya, na njia pekee ni maji kupanda hadi yapate uso mwingine wa kupumulia. Tuseme unyevu ulikuwa umeishia sentimita 70, na uso mmoja wa ukuta umezibwa kabisa. Hesabu ya mizani huupeleka hadi karibu mita 1. Ukiziba pande zote mbili, unyevu hupanda hadi uipite ngao yenyewe. Lipu ya saruji haizibi kikamilifu, kwa hiyo nyumba halisi hazitafuata tarakimu hizi barabara, lakini mwelekeo ni huo huo.

Kuna jambo jingine la ajabu katika mizani hii. Ukuta mnene hupandisha unyevu juu zaidi kuliko mwembamba wa vifaa vile vile. Ukinenepa mara 4, unyevu hupanda mara 2, kwa sababu maji mengi zaidi hupita mguuni huku nyuso za kukaushia zikibaki mbili. Kuta za nyumba za mawe za pwani zina unene wa kama nusu mita. Wajenzi wake walizipaka chokaa, ambayo huruhusu mvuke kupita, na kwa nyumba za aina hiyo chaguo hilo lilikuwa sahihi kabisa.

Halafu kuna chumvi, ambayo ndiyo mharibifu mwenyewe. Maji hupanda yakiwa yameibeba kutoka ardhini, na pwani hata mawe na mchanga vinaweza kuwa nayo tayari. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Yakikaukia juu ya uso, huacha unga unaofagiliwa. Yakikaukia nyuma ya lipu ngumu, fuwele hukua ndani ya vitundu na kuusukuma ukuta kutoka ndani hadi jiwe lenyewe lipukutike. Lipu ya chokaa ikiharibika unabandua chokaa na kupaka nyingine. Mara nyingi hiyo ndiyo kazi yake, kuumia badala ya jiwe. Lipu ya saruji, kwa ugumu wake, hung'oka pamoja na vipande vya ukuta.

Si kila ukuta wenye maji una tatizo hili. Bomba linalovuja, mfereji wa paa uliotoboka, au mvuke wa jikoni unaogeuka matone kwenye ukuta wa baridi hufanya madoa yanayofanana nalo. Njia rahisi ya kuanzia ni kubandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa utepe wa gundi, na kukiacha siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu umetoka hewani. Yakiwa nyuma ya nailoni, umetoka ukutani.

Kwa nyumba mpya tiba ni ya mapema na ya bei nafuu: tabaka la nailoni nzito au lami kati ya msingi na ukuta, lisilokatika popote, na lipu isiyolivuka kushuka hadi kwenye udongo. Kwa nyumba ya zamani, anza ardhini. Shusha udongo uliorundikana ukutani, ondoa maji ya paa yanayomwagika mguuni, kisha urudishe chokaa.

Hata chanzo kikikatwa, ukuta wenye chumvi unaweza kuendelea kulowa. Chumvi ya mezani huanza kunyonya mvuke wa hewa na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na pwani kiwango hicho ni cha kawaida. Ndiyo maana lipu iliyojaa chumvi hubanduliwa na kutupwa mbali na ukuta. Chumvi iliyobaki ndani ya jiwe huvutwa kwa kapilari ile ile: wahifadhi hubandika ukutani ujiuji wa udongo au wa karatasi iliyolowa na kuuacha ukauke polepole. Vitundu vya ujiuji huo vinatakiwa viwe vidogo kuliko vya jiwe, kwa sababu maji huhama kutoka tundu kubwa kwenda dogo, lakini visiwe vidogo na vya kubana kama vya saruji, maji yasije yakashindwa kupita. Maji huja na chumvi yake, hukaukia ndani ya ujiuji, na ujiuji hubanduliwa. Kazi hiyo hurudiwa mpaka chumvi inayotoka iwe kidogo.