“Leta grainda tukate”: dhana potofu za kugeuza pikipiki kuukuu kuwa skrambla

Pikipiki yangu ilikuwa imeshabeba abiria, mikungu ya ndizi na madumu ya maji kwa miaka mingi kabla haijafika mikononi mwangu. Siti imechanika, madigadi ya nyuma imefungwa kwa waya, tanki limebonyea upande wa kushoto. Ni ya Kichina, yenye injini ya mtindo wa Honda CG125. Nikamwonyesha fundi picha kwenye simu: skrambla safi, siti fupi iliyonyooka, ekzosi imepanda ubavuni, usukani mpana. Akaitazama picha, akaitazama pikipiki, akasema, “Hii rahisi, mdogo wangu. Leta grainda tukate.”

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo kazi ikaahirishwa, nami nikapata siku mbili za kuuliza na kusoma. Siku mbili hizo ziliiokoa ile pikipiki. Tangu hapo nimesaidia marafiki kutengeneza nyingine mbili, na kila mara maneno yaleyale hurudi gereji. Nayaandika hapa kwa sababu yanawaharibia vijana vyombo ambavyo bado vina uhai.

“Skrambla ni pikipiki ya mashindano ya porini”

Huku kwetu pikipiki yoyote ndefu yenye tairi za meno huitwa skrambla, hata ile Honda XL ya bwana shamba. Lakini jina lenyewe lilitoka Uingereza, kwenye mashindano yaliyofanyika Camberley, Surrey, mwaka 1924. Watu walipanda vilima na kuvuka matope kwa pikipiki za barabarani za siku zile, walizozipunguza vitu na kuzirekebisha wenyewe.

Baadaye viwanda vikaanza kuuza kitu hichohicho kikiwa tayari. Honda ilitoa CL72 ya cc 250 mwaka 1962, ndugu kabisa wa pikipiki zake za lami, ila usukani ni mpana na ekzosi zote mbili zimepita juu upande wa kushoto. Mwaka huohuo Dave Ekins na Bill Robertson mdogo walizipeleka kutoka Tijuana hadi La Paz, kusini mwa rasi ya Baja California kule Meksiko. Ni karibu maili 1,000, na sehemu kubwa haikuwa barabara ya kujivunia. Ekins alifika kwa muda usiotimia saa 40. Kisha mwaka 1968 Yamaha ikaleta DT-1, nyepesi, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya udongo. Kuanzia hapo pikipiki za porini zikashika njia yao na skrambla ikabaki na yake.

Kwa hiyo skrambla ni pikipiki ya barabara iliyoandaliwa kwa barabara mbaya. Hiyo ndiyo inayotufaa. Ukitoka Lushoto kuelekea Mtae, kwenye milima ya Usambara, utakutana na kona, mawe, vumbi, na mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Hapo hapana haja ya kuruka hewani, na shokapu za pikipiki ya bodaboda hazikutengenezwa kwa kuruka. Anayeijenga ya kwake akiwaza kurukia vichuguu atapinda foki wiki ya kwanza.

“Bila kukata fremu haiwi skrambla”

Kosa hili ndilo la gharama kubwa kuliko yote, kwa sababu halirudishiki.

Piga magoti kando ya pikipiki yako, toa siti, fuata bomba za fremu kwa mkono kuelekea nyuma. Utaona mahali shokapu zinapofungwa kwa juu. Uzito wako, wa abiria na kila pigo la shimo vinaingia kwenye fremu kupitia boliti zile mbili. Anayekata karibu na hapo, halafu akachomelea kipande cha bomba kilichopindwa ili mkia upendeze, anaweka kiungo kipya palepale penye kazi nzito. Chuma hakivunjiki siku ileile. Kwanza rangi inapasuka kama uzi mwembamba pembeni ya mahali palipochomelewa, kisha kutu inajitokeza kwenye uzi huo, kisha siku moja umebeba mtu mlimani. Kama ni lazima upunguze mkia, kinachokatwa ni kile kilicho nyuma kabisa ya shokapu, na anayechomelea awe mtu wa fremu, si wa mageti.

Lakini jaribu kwanza kufungua boliti. Kwangu nilitoa keria, ngao za mbele, madigadi ndefu ya nyuma, vikapu vya pembeni na mabati ambayo mwenye chombo wa kwanza aliyaongeza. Tukavipeleka kwa jirani mwenye duka, tukavipima kwenye mizani ya mchele: kilo tisa na nusu. Fremu haijaguswa, na pikipiki tayari imebadilika umbo. Siti fupi iliyonyooka ikakaa juu ya fremu ileile kama ilizaliwa hapo.

Kuna na jambo la karatasi. Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma, kwa kawaida pale shingoni usukani unapoingilia. Msasa au grainda ikiifuta, umebaki na pikipiki usiyoweza kuthibitisha kuwa ni yako. Kadi ya TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania, kama ilivyo hati ya umiliki ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya, inataja namba hiyo, namba ya injini na hata rangi. Kwa hiyo kabla ya kubadili rangi ya tanki, ulizia utaratibu wa kuibadilisha na kwenye karatasi.

“Toa sailensa, toa eakilina, injini ipumue”

Hii niliiamini, na nililipa.

Nilitoa boksi la chujio la hewa, nikachomeka kichujio kidogo cha koni kilichong’aa. Sauti ilinoga. Wiki chache baadaye nikaona mafuta ya injini yanapungua bila kuvuja popote, na asubuhi nikiwasha, moshi wa samawati. Fundi mwingine, mzee mtulivu, hakuuliza chochote. Alitoa ile koni, akaingiza kidole kwenye mdomo wa kabureta, akakitoa na kunionyesha. Kilikuwa chekundu mpaka kwenye kucha. “Mwanangu, umeilisha udongo,” akasema. Ringi za pistoni zilikuwa zimeliwa na silinda ina michirizi. Ilibidi kutoboa silinda upya na kununua pistoni ya saizi ya juu.

Kinachotokea ni hiki. Kabureta imepangiwa kiasi fulani cha hewa. Ukifungua njia ya hewa au ukakata sailensa bila kubadili jeti, kile kitundu kinachopimia petroli, hewa inazidi petroli. Mchanganyiko huo unaunguza kwa joto kali, injini inakohoa ukivuta moto (ule mshiko wa kuongeza mafuta) ghafla, na nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Plagi itakuambia: ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo, ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ndiyo unayoitaka. Itoe na kuitazama baada ya kwenda mwendo wa kawaida kwa muda, si baada ya kuiacha ikiunguruma pale gereji.

Nami naiheshimu zaidi injini hii tangu nilipojua asili yake. Honda iliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo na haipati matunzo ya kutosha, ndiyo maana valvu zake husukumwa kwa fimbo na haina ile cheni ndefu ya kuendesha kemshafti, mhimili wa kufungulia valvu, juu ya kichwa. Ikaigwa sana, hasa China, na vipuri vyake vimejaa madukani. Inavumilia mengi. Vumbi haivumilii. Rudisha boksi, osha sponji ya chujio kwa mafuta ya taa, ikaushe, ipake mafuta kidogo ya injini, ikamue, rudisha. Kiangazi fanya hivyo mara kwa mara kuliko unavyodhani inahitajika.

“Ekzosi ya juu inakuvusha mto”

Ekzosi hupandishwa ili isigonge mawe na visiki, basi. Kinachokuzuia kwenye maji ni mdomo wa hewa, pale injini inapovutia hewa. Maji yakiufikia, injini inayameza, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, fimbo ya pistoni inaweza kupinda pale pale.

Ukiipandisha, weka kinga ya joto yenye nafasi ya hewa kati yake na bomba, kwa sababu paja la abiria litakuwa jirani. Ile tepu ya kuzungushia bomba inapendeza kwenye picha, lakini huku kwenye mvua za vuli na masika hushika unyevu, na chini yake bomba linaoza bila wewe kuona. Mimi niliiacha ekzosi yangu chini na kufunga bati nene chini ya injini. Sijajuta.

“Tairi ikiwa kubwa zaidi, ni bora zaidi”

Tairi imeandikwa 3.00-17 au 2.75-18: namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni rimu. Ukilazimisha tairi pana kwenye rimu nyembamba, rimu huibana mabega, katikati inachongoka, na sehemu inayogusa ardhi hupungua. Nyuma inaweza kukwaruza cheni, mbele ikagusa madigadi matope yakijaa. Panda hatua moja tu kutoka saizi ya kiwandani, na upime nafasi kwa kidole pande zote kabla ya kulipa.

Meno makubwa yaliyoachana hushika vizuri kwenye tope, lakini kwenye lami yenye maji ni mpira kidogo tu unaogusa chini, na breki huchelewa. Kama safari zako nyingi ni lami na udongo mkavu, chukua tairi za meno mafupi yaliyokaribiana. Na ukibadili gurudumu la mbele kuwa kubwa zaidi, kumbuka kwamba kwenye nyingi ya pikipiki hizi waya wa spidomita hutoka kwenye habu ya mbele: gurudumu kubwa linazunguka mara chache zaidi kwa kilomita, kwa hiyo mshale utakuonyesha mwendo mdogo kuliko unaokwenda.

“Inua nyuma ionekane imesimama”

Shokapu ndefu zaidi nyuma zinaifanya shingo ya usukani isimame wima zaidi. Usukani unakuwa mwepesi mno, unacheza kwenye changarawe. Cheni nayo hubadili pembe na kuanza kukwangua mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na stendi ya pembeni inabaki fupi. Nunua shokapu nzima za urefu uleule, zisizovuja. Tofauti utaisikia mgongoni.

“Cc 125 haitoshi, tafuta injini nyingine”

Badili sproketi kwanza, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma: sproketi ya mbele inazunguka mara 3 gurudumu likizunguka mara 1. Weka 13 mbele, uwiano unakuwa 3.23. Ili kupata karibu hivyo kwa kubadili nyuma ungehitaji meno 45. Jino moja mbele, matatu nyuma, na jino moja mbele ni bei ndogo kabisa. Mwendo wa juu hupungua kama asilimia 7, lakini mlima uliokuwa unaupanda kwa gia ya kwanza ukilia, sasa unaingia gia ya pili. Kwa barabara zetu za milimani hakuna pesa niliyoitumia vizuri zaidi ya hiyo. Angalia tu cheni: sproketi mpya juu ya cheni iliyolegea inaliwa haraka.

“Anza na rangi, mengine yatafuata”

Rangi niliiweka mwisho. Kwanza beringi za magurudumu na za shingo ya usukani, viatu vya breki, spoki zilizolegea, mafuta ya foki. Breki za ngoma zinatosha kabisa kwa chombo chepesi, mradi viatu ni vizima na vumbi limesafishwa.

Usukani mpana una mtego wake. Ukishaufunga, washa injini, iache iungurume polepole, kisha ugeuze usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia. Injini ikipandisha mlio yenyewe, waya wa moto, ule wa kuongeza mafuta, ni mfupi na unavutwa. Siku utakapokata kona ya kurudi nyuma kwenye barabara nyembamba, pikipiki itaondoka bila ruhusa yako. Angalia hivyohivyo waya wa klachi, wa breki na nyaya za umeme. Nilikuta waya wangu wa klachi umebanwa shingoni kiasi kwamba ukigeuza kulia, klachi inateleza.

Indiketa usizitoe, wala vioo. Ukiweka za LED zikaanza kupepesa haraka mno, hazijaharibika: zinakula umeme kidogo, na ile flasha ya zamani inadhani balbu imeungua. Badili flasha.

Madigadi ya nyuma nayo, ifupishe lakini usiivue kabisa. Nilijaribu kwa siku moja ya mvua, nikafika nyumbani na mstari wa tope kutoka kiunoni mpaka kwenye kofia, na betri imezikwa kwenye udongo.

Yule fundi wa kwanza aliiona miezi kadhaa baadaye, nimeiegesha nje ya genge la chai. Akaizunguka mara mbili, akainama kutafuta mahali ilipokatwa. Nikamwambia grainda ilitumika mara moja tu, kwenye boliti ya keria iliyokuwa imeota kutu ikagoma kufunguka.