"Moshi" wa sakafu ya bahari si moshi
Wengi wakiona picha za dohani za mawe zikifuka weusi kilindini, hudhani kuna kitu kinachoungua. Hakuna. Ni maji tu, na hilo ndilo la ajabu zaidi. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa, hupashwa joto na miamba iliyo karibu na magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi), na njiani huyeyusha shaba, zinki na chuma. Yakifoka na kukutana na maji baridi, metali hizo zikiwa na salfa huganda papo hapo kuwa chembe nyeusi, ambazo baadhi yake hujenga dohani yenyewe. Mwaka 1979, karibu na Meksiko, nyambizi Alvin ilikuta maji ya nyuzi 350 hivi za Selsiasi. Hayakuchemka: mita zipatazo 2,600 za bahari zilikuwa zimeyakandamiza.