Imani, Ndoa na Vipigo: Dhana Zinazowarudisha Wanawake Hatarini

Katika makanisa mengi ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, yupo mama ambaye wanawake wenzake humwendea wanapopigwa nyumbani. Hana ofisi wala mshahara, ila anaaminika kwa kutunza siri, na imani yake ndiyo iliyomwingiza katika kazi hii. Inasikitisha kwamba wanaomkwamisha mara nyingi ni waumini wenzake wenye nia njema.

Dhana: Mke Mkristo hana budi kuvumilia, kwa kuwa Mungu anachukia talaka.

Ukweli: Malaki 2:16 hukatwa katikati. Aya hiyohiyo inayosema Mungu huchukia kuachana inaendelea kumkemea mtu ajifunikaye udhalimu kama vazi. Mithali 14:1, juu ya mwanamke anayeibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, husomewa mke aliyevimba jicho, ilhali mkono uliobomoa si wake. Waefeso 5, ambayo wengi huiacha baada ya kuwataka wake watii, inamwagiza mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Kanisa Katoliki, lisilokubali talaka, linamruhusu mwanandoa kupitia Kanuni ya 1153 ya sheria zake atengane na mwenzake anayemhatarisha vikali yeye au watoto, na hatari ikiwa imekaribia aondoke bila kungoja uamuzi wa askofu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 nayo inautaja ukatili kuwa mojawapo ya sababu za kuvunja ndoa ya Kikristo. Na kuhusu kusamehe saba mara sabini, mwanamke anaweza kumsamehe mumewe akiwa salama nyumbani kwa dada yake. Hakuna andiko linalomtaka arudi chumba kilekile alichopigiwa.

Dhana: Mama huyo anavunja ndoa za watu.

Ukweli: Hamwamulii mtu aondoke au abaki. Anajua kwamba siku za kuondoka ndizo za hatari zaidi, kwa sababu mume anayetawala kwa kipigo huzidisha ukali anapoona mamlaka yanamponyoka. Kwa hiyo hupanga na mwenye shida, polepole: kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki na nauli ya matatu vinafungwa katika leso kuukuu na kuachwa kwa jirani anayeaminika, na nambari moja ya simu inakaririwa kichwani, kwa maana simu ndiyo inayonyang'anywa kwanza.

Dhana: Maombi kwanza, hospitali baadaye.

Ukweli: Kwa aliyebakwa, hata kama mbakaji ni mumewe, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Azifunge katika karatasi, si plastiki, kwani unyevu huharibu ushahidi. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia manusura wa ukatili wa kijinsia, na simu ya kitaifa ya msaada kwa manusura hao, 1195, hupigwa bila malipo usiku na mchana. Mama wa kanisa huketi naye kwenye benchi na kuomba naye pale pale, wakisubiri daktari.

Wapo pia wanaosema kwamba tatizo ni mnazi. Ulevi huzidisha madhara, lakini mlevi huyohuyo hampigi mwajiri wake wala wenzake wa mangweni, humngoja mkewe. Wengine husema ni mambo ya ndani ambayo hayawahusu polisi, ilhali Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu kuwa ukatili si kipigo tu, bali pia vitisho, matusi ya kudhalilisha na kunyimwa matumizi, na inamruhusu mlalamishi aandikishe maelezo kwa afisa wa jinsia yake.

Dhana: Huduma hii ni ya Wakristo, au ni njia ya kubadili watu dini.

Ukweli: Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza majeruhi anaabudu wapi. Mombasa ni mji wa Waislamu wengi, na jirani Mwislamu akibisha hodi husindikizwa vilevile. Suala la talaka yake litakwenda kwa Kadhi, lakini amri ya ulinzi dhidi ya mume anayempiga huombwa katika mahakama ya hakimu, na iko wazi kwa mwanamke wa dini yoyote.