Dodoso la sonona halitafsiriwi jioni moja

PHQ-9 ni dodoso la maswali 9 kuhusu dalili za sonona ndani ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kwa ufupi wake, wengi hudhani kulileta kwenye Kiswahili ni kazi ndogo. Hizi hapa kauli zao, na majibu yangu.

"Anayejua Kiingereza na Kiswahili anatosha."

Achana na maswali kwanza, tazama majibu. Chaguo la tatu, lenye alama 2, ni la mtu aliyesumbuliwa siku nyingi kuliko nusu ya zile 14. Mtafsiri anaandika "zaidi ya nusu ya siku". Sarufi haina kasoro. Ila "siku" ni ileile, moja au mia, kwa hiyo mama anayesomewa anasikia habari ya saa: tangu asubuhi mpaka alasiri. Kama alisumbuliwa siku tatu tu, lakini kutwa, atachagua hilo na kupewa 2 badala ya 1. Likirudiwa kwenye maswali yote, aliyestahili 9 anaondoka na 18, na mstari unaotumika sana kutenga watu wa kufuatiliwa kwa uchunguzi zaidi ni alama 10. Andika "zaidi ya siku 7 kati ya hizi 14". Haina mvuto, lakini haina tafsiri mbili.

"Ikirudishwa kwa Kiingereza ikafanana, tumemaliza."

Njia hii ilipata nguvu baada ya makala ya Richard Brislin ya mwaka 1970, na sisemi itupwe. Inaonyesha maneno yamerudi. Kama yameeleweka, hilo haijui. Dodoso la Hopkins, jingine la dalili za wasiwasi na sonona, lina kipengele ambapo huzuni inatajwa kwa rangi ya buluu, kama Waingereza wasemavyo. Andika "kujihisi buluu": itarudi Kiingereza bila doa, kamati ipige makofi, na mgonjwa aanze kuangalia nguo zake. Upande wa pili, "nina mawazo" kila mtu mtaani anajua ni mzigo wa moyo, lakini mrudishaji wa kamusi ataandika kwamba mtu huyu ana fikra. Tafsiri mbovu imefaulu, nzuri imeanguka! Kaa na watu kumi, soma kipengele, uliza: "Hapa umeelewa nini? Niambie kwa maneno yako."

"Swali la kukanusha halina shida."

"Hujalala vizuri?" Bibi atajibu "ndiyo", yaani kweli sijalala. Mjukuu aliyezoea Kiingereza atajibu "hapana", akimaanisha hilohilo.

"Usiguse hata neno."

PHQ-9 inapima umakini kwa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Asiye na vyote viwili atasema hana tatizo. Weka redio au mahubiri, kisha andika wazi ulichobadilisha. Kwa madodoso yenye hakimiliki, omba ruhusa kwanza.

"Kumi ni kumi popote."

Mstari ule wa alama 10 hupimwa upya kwa kila lugha: watu wajaze dodoso, kisha daktari asiyeziona alama zao awahoji, ndipo matokeo yalinganishwe. Zimbabwe, miaka ya 1990, daktari wa akili Vikram Patel na wenzake hawakutafsiri kabisa. Walitunga dodoso la Kishona la maswali 14 kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe. Neno lililojitokeza sana lilikuwa *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Mswahili angesema tu: ana mawazo.